Jiwe, Ziwa na Shina Mama: Familia Zinazopanda Mizabibu Penye Baridi

Mkulima wa Dodoma anahangaika na mzabibu usiolala. Joto halikatiki, mmea unazidi kuchipua, naye huupogolea ili apange msimu. Ndiyo maana huweza kuvuna mara mbili kwa mwaka. Familia inayopanda mizabibu kando ya mto Mosel nchini Ujerumani, au juu ya maziwa ya Finger Lakes katika jimbo la New York, ina shida ya kinyume. Mizabibu yao hulala kipupwe chote, huzaa mara moja tu, na macho yake huanza kufumbuka joto likikaribia nyuzi 10. Jalidi ya usiku mmoja wa Mei yaweza kuunguza chipukizi na kupunguza vibaya mavuno ya mwaka.

Kwa hiyo huko swali la kwanza si aina ya zabibu, hata kama kila anayeanza hukimbilia hilo. Swali ni joto litawekwa wapi.

Mosel walijibu kwa jiwe. Miteremko yao imejaa vipande bapa vya sleti, ambavyo hufyonza jua mchana na kuachia joto taratibu usiku. Pale Calmont, kijijini Bremm, kuna sehemu zenye mwinuko wa nyuzi 60 na zaidi. Trekta la kawaida haliwezi kupanda. Kwa desturi kila mzabibu hufungwa kwenye mti wake peke yake, na matawi mawili hupindwa hadi kufanana na moyo, bila waya wa kumzuia mtu kukatiza shamba kwa upana.

Finger Lakes walijibu kwa maji. Ziwa Seneca lina kina cha zaidi ya mita 180, na maji mengi hivyo hayapoi haraka. Kipupwe yanapunguza ukali wa baridi kwenye miteremko. Majira ya kuchipua yanapofika, maji bado ni baridi na hewa iliyo juu yake pia, basi macho huchelewa kufumbuka mpaka hatari ya jalidi imepungua. Kwangu mimi faida hii ya pili ndiyo kubwa zaidi.

Lakini ziwa peke yake halikutosha. Wakulima wengi wa hapo waliamini kwamba mizabibu ya Ulaya ingekufa kwa baridi, wakashikilia aina za Kimarekani na chotara. Konstantin Frank, mzaliwa wa Ukraine aliyehamia Marekani mwaka 1951, alikuwa amelima mizabibu hiyohiyo penye baridi kali na hakukubali. Alisisitiza kwamba kilichokosekana ni shina mama linalofaa, yaani shina la chini ambalo mzabibu hubebeshwa juu yake, litakalowezesha matawi kukomaa kabla ya theluji. Mwaka 1962 alianzisha kiwanda cha mvinyo cha familia yake juu ya ziwa Keuka. Hadi leo wakulima wa eneo hilo huinua udongo kila vuli kufunika kiungo cha kubebeshea, kisha huushusha baridi ikiisha. Ni kazi ya kuchosha, lakini tawi likifa juu, mmea huchipua tena kutoka chini ya udongo ule.

Mkulima wa Mosel hakulazimika kubishana hivyo. Mwaka 1787, mtawala wa Trier, Clemens Wenzeslaus, alikwisha kuagiza mizabibu duni ing'olewe na kupandwa aina bora. Mkulima huyo alirithi jibu. Pamoja nalo alirithi mgawanyo: ardhi iligawanywa sawa kwa watoto kizazi baada ya kizazi, kama kihamba cha Kilimanjaro kinavyokatwa vipande, mpaka familia moja ikawa na mistari michache hapa na mingine ng'ambo ya mto. Wengi huliona hilo kuwa balaa. Mimi naona lina kinga ndani yake, kwa sababu mvua ya mawe ikipiga mteremko mmoja, mwingine hupona. Mwenye shamba la kipande kimoja New York hufaidi mashine, lakini msiba ukija humkuta mahali pamoja.

Gharama ya Mosel ni mikono. Baadhi ya miteremko mikali imeachwa na vichaka vimerudi, kwa kuwa warithi wamekwenda kutafuta kazi nyepesi zaidi. Familia changa isiyo na urithi yaweza kuingilia hapo, pale ardhi inapouzwa kwa bei nafuu. Jiwe bado lipo. Kuta za kuzuia udongo ndizo zilizobomoka, na hizo hujengwa upya kwanza kabla mche haujatiwa ardhini.