Skima, au kiunzi cha maarifa

Mwaka 1932 mwanasaikolojia wa Cambridge, Frederic Bartlett, alieleza kuwa mtu anaposimulia hadithi aliyoisikia zamani, haitoi kichwani neno kwa neno. Huijenga upya kwa kufuata umbo la mambo alilokwisha kulizoea. Umbo hilo ndilo skima.

Neno hili linawatatiza waandishi wa programu, maana kwao skima ni mpangilio wa majedwali katika hifadhidata. Ndiyo maana napendelea kiunzi cha maarifa. Kiunzi cha nyumba ya miti kikishasimama, mlango na dirisha vinajulikana vitakaa wapi hata kabla udongo haujakandikwa. Skima nayo ina nafasi zinazosubiri kujazwa.

Tazama mistari hii ya programu: c = a, kisha a = b, kisha b = c. Anayejifunza husoma mmoja mmoja, na hukwama kwenye c: imeletwa ya nini? Mzoefu huona jambo moja tu, a na b zinabadilishana thamani, na c imehifadhi thamani ya a isipotee. Susan Wiedenbeck aliripoti mwaka 1986 kwamba katika programu ya kupanga orodha, wazoefu walikumbuka sehemu ya kubadilishana thamani vizuri kuliko sehemu nyingine.

Ila kiunzi hicho hicho hupotosha. Elliot Soloway na Kate Ehrlich, katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1984, waliwapa watu programu fupi zenye pengo la kujaza. Katika mojawapo, kigeu kilichoitwa MAX kilianza na sifuri na kutafuta namba kubwa kabisa, kama kila mtu angetarajia. Katika toleo jingine jina lilibaki MAX, lakini kigeu kilianza na namba kubwa mno, kwa hiyo alama sahihi ya kujaza pengo ilikuwa ya "ndogo kuliko". Kompyuta haijali jina. Matoleo yote mawili yanafanya kazi. Wasomaji walijali. Programu zilipokiuka mazoea, wazoefu waliporomoka hadi karibu na kiwango cha wanafunzi.

Anguko hilo ndilo linalonifanya niutetee msamiati huu wa skima. Kanuni za lugha ya programu hazikubadilika hata moja, na wazoefu walizijua zote. Kilichowaangusha ni pengo ambalo akili ilikwisha kulijaza kabla macho hayajausoma mstari wa juu yake.