Huna 'koneksheni'? Hivi ndivyo mwanafunzi wa Chemba anavyoweza kupata wadhamini watatu

Matangazo ya kazi ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma huwa na sharti moja linaloonekana dogo: mwombaji aambatishe CV yenye majina ya wadhamini watatu wa kuaminika.

Kwa kijana aliyekulia Kwa Mtoro, Farkwa au Mrijo wilayani Chemba, hapo ndipo kalamu husita. Nyumbani ni wakulima wa ufuta na alizeti, au wafugaji. Hakuna mjomba wizarani. Mtaani anaambiwa bila koneksheni hutoboi.

Ukweli ni kwamba wadhamini hao watatu anaweza kuwapata mwenyewe, ila inabidi aanze akiwa bado chuoni.

Mtandao wa kitaaluma ni nini?

Ni watu wanaomjua mwanafunzi kwa kazi yake: mhadhiri, msimamizi wa fildi, mwenzake wa darasani, kaka au dada aliyemtangulia chuo. Undugu na kubebwa ni mambo mengine kabisa.

Wala si lazima wawe watu wa karibu. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha matokeo ya utafiti kuhusu watu waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu. Asilimia 16.7 tu ndio waliokuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara. Asilimia 55.6 walionana naye mara mojamoja, na asilimia 27.8 kwa nadra sana. Sababu yake ni rahisi: rafiki wa kila siku anajua yale yale unayoyajua, lakini mtu wa mbali kidogo ana habari mpya.

Fildi nyumbani si kushindwa

Wanafunzi wengi wa vyuo vya Dodoma, kama UDOM, Chuo cha Mipango au St. John's, hukimbilia nafasi za fildi wizarani, hasa tangu Serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma mwaka 2016. Huko foleni ni ndefu, na mwanafunzi anaweza kumaliza wiki zote akitoa fotokopi tu.

Chemba, iliyomegwa kutoka Wilaya ya Kondoa mwaka 2012, ina halmashauri yake yenye maofisa wa kilimo, mifugo, afya, elimu, fedha na maendeleo ya jamii. Kuna pia wahandisi wa TARURA kwa barabara na RUWASA kwa maji. Ofisini watu si wengi, hivyo mwanafunzi anaonekana haraka na hupewa kazi za kweli.

Kwa halmashauri, barua ya maombi huandikwa kwa Mkurugenzi Mtendaji, ikiambatana na barua ya utambulisho ya chuo. Ni vizuri kuipeleka mapema, kabla likizo ndefu haijafika.

Nane Nane pia ni darasa

Kila mwanzoni mwa Agosti, halmashauri za Dodoma na Singida hukutana kwenye viwanja vya Nzuguni, jijini Dodoma. Taasisi za utafiti, mabenki na kampuni za mbegu huwa na mabanda hapo. Mwanafunzi anayeuliza swali moja la maana, akaandika jina na namba ya aliyemjibu, ameshaanza.

Namba ikipatikana, itunzwe

Kosa la wengi ni kumtafuta mtu siku ya shida tu. Ujumbe mfupi mara mbili tatu kwa mwaka unatosha, na usianze na ombi. Kwa mfano:

"Shikamoo mama. Ni yule mwanafunzi wa kilimo niliyefanya fildi kwako Chemba mwaka jana. Ripoti yangu ya ufuta imepita, nashukuru kwa ulivyonielekeza. Nakutakia kazi njema."

Na kabla ya kuandika jina la mtu kwenye CV, aombwe ruhusa kwanza. Mdhamini anayeshtukizwa na simu anaweza kujibu kwa kusitasita, na kusita huko kunamgharimu mwombaji.

Pale isipokuwa koneksheni tena

Anayedai hela ili akupe nafasi, au anayetaka ngono, anafanya kosa la jinai. Rushwa ya ngono imetajwa kwenye Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. TAKUKURU hupokea taarifa bure kwa namba 113.

Kwa kifupi

Hadi siku ya kuhitimu, mwanafunzi ajitahidi kuwa na watatu hawa: mhadhiri mmoja aliyesoma kazi yake vizuri, msimamizi mmoja wa fildi, na mtu mmoja aliyewahi kujitolea chini yake, iwe shuleni, zahanati au kwenye chama cha ushirika kijijini. Mtoto wa mkulima anaweza kuwapata wote bila kumjua kigogo yeyote.