Karatasi Juu ya Mwamba: Mary Leakey Huko Kolo, 1951

Sisi wachungaji tumezoea kufundisha kwamba mtu aliyeiacha madhabahu amepoteza pia uwezo wa kustaajabu. Historia ya Kondoa yatutaka tulipime upya fundisho hilo.

Mary Leakey alizaliwa London mwaka 1913, binti wa mchoraji. Akiwa mtoto nchini Ufaransa, padre Mkatoliki aitwaye Lemozi alimwonyesha michoro ya kale katika pango la Pech Merle. Baba yake alifariki mwaka 1926. Msichana akapelekwa shule za watawa, akafukuzwa katika mbili. Alipokuwa mtu mzima hakuwa mtu wa dini. Lakini mshangao wa pangoni hakuuacha.

Mwaka 1951 alifanya kazi Kolo, kaskazini ya mji wa Kondoa. Kazi hiyo ilikuwa na utaratibu wake: kuweka karatasi angavu juu ya mwamba, kufuatisha kila mstari wa mnyama na wa mtu mwembamba aliyechorwa kwa rangi nyekundu, kisha kunakili na kutia rangi. Tendo lile lile lilirudiwa siku baada ya siku, kwa subira na unyenyekevu mbele ya kazi ya watu wasiojulikana majina. Kitabu chake juu ya michoro hiyo kilitoka mwaka 1983. UNESCO iliiorodhesha kuwa urithi wa dunia mwaka 2006.

Katika miamba hiyo hiyo wenyeji wameendelea kufanya matambiko ya mvua na ya uponyaji. Basi mwamba mmoja umewapokea watu wa namna mbili, kila mmoja na taratibu zake. Nasi tumewaita wale washirikina na huyu mkavu wa roho, tukapita.

Luther alifundisha kwamba wito wa Mungu hutimizwa hata katika kazi za kila siku. Hata hivyo, tusiharakishe kumbatiza Bibi Leakey, aliyefariki mwaka 1996. Kumwita Mkristo asiyejijua ni kumvunjia heshima. Yatosha tukiri kwamba alitazama kwa makini kuliko wengi wetu tunaokiri Muumba kila Jumapili.

Mtume Paulo huko Athene alitembea kwanza, akatazama, ndipo akanena. Kijana wa sayansi atakapotujia akisema haamini tena, tusianze kwa kumkemea. Tumwulize kwanza ameona nini.