Kona ya meza ya mama mwenye nyumba

Wadau, najua nimepotea. Niko Manyoni, Singida, kwenye mazoezi ya kufundisha, na bando nalo likiisha ndo limeisha.

Juzi nimefanya tukio. Nilikuwa nasogeza meza ya mama mwenye nyumba nipate pa kusahihishia madaftari, ikagonga fremu ya mlango. Kona ikang'oka kipande kikubwa kama sarafu ya mia mbili. Ndani ni maranda matupu, kama mkate uliokauka! Meza yenyewe aliinunua marehemu mume wake, na mama alikuwa Itigi, anarudi Jumapili. Tumbo likaanza kukata.

Mnanijua mimi ni mtu wa History, hata nikiwa na hofu nauliza maswali. Hii ni nchi ya miombo, mninga ndo kwao, reli ya kati inapita hapa tangu kabla haijafika Tabora mwaka 1912. Meza ya maranda imefikaje? Jibu la haraka la mtaani: "ya kichina hiyo." Si kweli jamani.

Lile ganda la juu, fomaika, asili yake ni karatasi zilizoloweshwa gundi ya kikemikali zikabanwa kwa moto. Mwaka 1913 kule Marekani, Herbert Faber na Daniel O'Conor walianzisha kampuni ya Formica mjini Cincinnati. Hawakuwa na habari na meza kabisa! Walitaka kitu cha kuzuia umeme badala ya madini ya maika, na jina kwa Kiingereza linamaanisha hivyo hivyo, badala ya maika. Mambo ya marembo yalinoga mwishoni mwa miaka ya 1930, ilipoanza kutumika melamini.

Maranda ya ndani yana hadithi yake. Mjerumani Max Himmelheber alikerwa kuona sehemu kubwa ya mti inaishia kuwa kuni na takataka. Akachanganya vipande vidogo na gundi, akavikandamiza. Kiwanda cha kwanza kilianza Bremen mwaka 1941, katikati ya vita. Na sisi tulikuwa nacho chetu: Tembo Chipboards, Mkumbara huko Korogwe, chini ya shirika la umma la mbao, TWICO. Kwa hiyo tunavyoyacheka maranda, tunacheka wazo la mtu aliyeona mti unapotea bure. Mninga wenyewe unavyochelewa kukua, atakayekuta mwingine ni mjukuu.

Basi nikaenda kwa seremala wa jirani, akanipa unga wa mbao bure na kunicheka kidogo. Kwanza nilitoa vipande vilivyolegea, nikapaka gundi ya mbao iliyozimuliwa kwa maji kidogo ili maranda yashikane. Ikakauka. Halafu nikakoroga gundi na unga kwenye mfuniko wa kopo. Yaani kiwanda cha Himmelheber kwenye mfuniko! Pembeni nilibana vipande viwili vya plastiki kwa selotepu ili kona ipate umbo, maana gundi haishiki plastiki. Nilijaza mara mbili, sio mara moja, kwa sababu ikikauka inasinyaa. Msasa nilivuta kuelekea ndani tu. Ukivuta kwenda nje unabandua ganda.

Rangi ndo ilinisumbua. Nikayeyusha nta ya nyuki, ambayo huku haikosekani (enzi za Wajerumani nta ilikuwa bidhaa ya kupeleka Ulaya), nikachanganya na kiwi ya viatu ya kahawia, nikasugua.

Jumapili mama karudi. Nikamwamkia, nikamweleza ukweli kabla hajakaa. Akapitisha kidole pale, kimya. Kisha akasema, "Mwalimu, hebu tazama nyuma." Kona ya ukutani ilikuwa imezibwa kwa nta ya mshumaa, imeshageuka njano. Kazi ya marehemu, baada ya kuigonga mlango ule ule siku anaileta.

Sasa nimepewa na kabati la jikoni. Hilo limeingia maji, limevimba. Mwenye ujuzi anisaidie kabla sijarudi chuo.