Namba ya oksidisheni

Namba ya oksidisheni ni chaji ambayo atomu ingekuwa nayo iwapo elektroni za kila kifungo cha kikemia zingehesabiwa kuwa za atomu inayozivuta zaidi. Elementi isiyoungana na nyingine hupewa 0. Florini katika kampaundi huwa −1 daima. Oksijeni kwa kawaida ni −2, ila katika peroksidi ni −1. Hidrojeni ni +1, lakini −1 ikiungana na metali kama sodiamu. Jumla katika molekuli lazima iwe 0, na katika ioni ilingane na chaji yake. Hivyo katika pamanganeti ya potasiamu, KMnO₄, potasiamu ni +1, oksijeni nne ni −8, na manganisi inapata +7. Haimaanishi kwamba manganisi imepoteza elektroni saba kwelikweli. Katika mmenyuko, namba ikipanda, atomu imeoksidishwa.