Maji Yaliyomo Ndani ya Miamba Yanavyohusiana na Tsunami Inayoweza Kufika Mbezi Beach

Jumapili ya tarehe 26 Desemba, 2004, siku moja baada ya Krismasi, bahari ilichafuka ghafla katika fukwe za Dar es Salaam bila mtu yeyote kuhisi ardhi ikitikisika. Watu wasiopungua kumi walipoteza maisha nchini, wakiwemo waliokuwa wakiogelea. Chanzo kilikuwa tetemeko lenye ukubwa wa 9.1 lililotokea magharibi mwa kisiwa cha Sumatra, Indonesia, zaidi ya kilomita 6,000 kutoka Mbezi Beach. Mawimbi yalitumia zaidi ya saa nane kuvuka Bahari ya Hindi. Muda huo ulitosha kuwaondoa watu majini, lakini wakati huo bahari hii haikuwa na mfumo wa pamoja wa tahadhari.

Gamba la dunia limegawanyika katika mabamba makubwa yanayosogea polepole. Karibu na Sumatra, bamba linalobeba sakafu ya Bahari ya Hindi huzama chini ya bamba jirani kwa kasi ya takriban sentimita tano kwa mwaka. Eneo la aina hiyo linaweza kuitwa ukanda wa mzamo, na tabia yake hutegemea kwa kiasi kikubwa kitu ambacho wengi hawakitarajii kukikuta chini ya ardhi kwa kina hicho, nacho ni maji.

Bamba halizami likiwa kavu. Limelowana kwa mamilioni ya miaka chini ya bahari, na maji yake yamo katika tope la sakafuni, katika nyufa za miamba ya basalti na ndani ya madini yenyewe, ambamo yameungana na chembe za mwamba. Maji ya kwenye tope hutoka mapema kwa kukamuliwa, kama tui linavyokamuliwa kutoka kwenye nazi iliyokunwa. Yale yaliyo ndani ya madini hayakamuliki. Huachiliwa pale tu joto na mgandamizo vinapoyageuza madini hayo kuwa ya aina nyingine.

Mageuzi hayo hutokea kwa wingi katika kina cha makumi ya kilomita. Basalti hupoteza maji na kuwa eklogiti, mwamba mzito wenye ganeti nyekundu, na uzito wake huongeza nguvu ya kulivuta bamba chini. Maji yaliyoachiliwa hupanda na kuingia katika miamba ya moto iliyo juu ya bamba hilo, ambayo kwa kulowana huyeyuka katika joto la chini kuliko kawaida. Huo ndio mwanzo wa volkano nyingi za Indonesia, ikiwemo Krakatau. Kilimanjaro na Ol Doinyo Lengai hazimo katika kundi hili, kwa kuwa asili yake ni Bonde la Ufa, ambako ardhi inatanuka.

Maji mengine hubaki yamebanwa kwenye mpaka wa mabamba mawili. Yakikosa pa kutokea, hubeba sehemu ya uzito wa miamba iliyo juu yake, msuguano hupungua na mabamba huweza kuteleza taratibu. Mwaka 2002 mtafiti wa Japani alieleza mitetemo midogo, ya kina kirefu na ya muda mrefu, ambayo wanasayansi wengi wanaihusisha na maji ya namna hiyo. Mahali ambapo mabamba hukwama, nguvu hulimbikizwa kwa miaka mingi hadi mpaka unapoachia. Mwaka 2004 uliachia kwa urefu wa takriban kilomita 1,300, ukainua sakafu ya bahari na maji yote yaliyokuwa juu yake.

Tanzania yenyewe inao ushahidi wa ukanda wa mzamo wa kale. Mwaka 1995 wanajiolojia walichapisha utafiti kuhusu eklogiti za ukanda wa miamba wa Usagara, ambazo hupatikana katika kilima cha Yalumba. Zina umri wa takriban miaka bilioni mbili na asili yake ni basalti inayofanana na ya sakafu ya bahari, iliyozamishwa makumi ya kilomita kisha ikarudi juu. Ni miongoni mwa eklogiti za kale zaidi duniani zinazothibitisha mzamo wa aina hiyo.

Ukanda wa pili unaoihusu pwani ya Tanzania ni Makran, kusini mwa Iran na Pakistan. Tetemeko la tarehe 28 Novemba, 1945 huko lilizalisha tsunami iliyoua watu katika pwani za karibu. Tope lake ni nene na limejaa maji na gesi kiasi kwamba tarehe 24 Septemba, 2013, baada ya tetemeko la nchi kavu nchini Pakistan, kisiwa cha tope kiliibuka baharini karibu na Gwadar. Makran iko karibu nasi kuliko Sumatra, hivyo muda wa tahadhari ungekuwa mfupi zaidi.

Tangu mwaka 2011, Australia, India na Indonesia hutoa taarifa za tsunami kwa nchi za Bahari ya Hindi, na kwa upande wa Tanzania jukumu la kuujulisha umma ni la Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA). Tahadhari ikitolewa, wakazi na wageni walioko Mbezi Beach, Kunduchi na Msasani wanapaswa kuondoka ufukweni na kwenye midomo ya mito, kuelekea maeneo ya mwinuko. Maji yakikupwa ghafla nje ya majira yake, hiyo ni dalili ya kuondoka mara moja bila kungoja tangazo. Wimbi la kwanza mara nyingi silo kubwa kuliko yote, na mengine huweza kufuata kwa saa kadhaa. Kwa sababu hiyo hairuhusiwi kurudi ufukweni hadi mamlaka zitangaze kuwa hatari imekwisha.