Uganda: Jinsi miwa ya Kakira ilivyozaa viwanda vingi

Msafiri anayetoka Iganga kuelekea Jinja, mashariki mwa Uganda, hupita katikati ya mashamba ya miwa yanayotanda pande zote mbili za barabara. Hapo ni Kakira, makao ya kiwanda cha sukari cha familia ya Madhvani, mojawapo ya familia za wenye viwanda zinazojulikana zaidi katika Afrika Mashariki. Historia ya kampuni hiyo ni ya bidhaa moja iliyozaa nyingine nyingi, ya kunyang'anywa kila kitu, na ya kuanza upya kutoka shambani.

Mwasisi wake, Muljibhai Madhvani, alizaliwa mwaka 1894 karibu na Porbandar, katika Gujarat ya India. Alivuka Bahari ya Hindi mwaka 1908, akiwa kijana wa miaka 14, na kwenda Iganga kufanya kazi katika duka la jamaa zake. Baadaye alisimamia biashara Jinja, mji ulio mahali ambapo mto Nile unatoka katika Ziwa Viktoria. Wakati huo pamba ndiyo iliyokuwa zao kuu la biashara la Busoga, na wafanyabiashara wengi wa Kihindi waliinunua kwa wakulima na kuichambua.

Bei ya pamba ilipanda na kushuka kwa kutegemea masoko ya mbali. Sukari, kwa upande wake, ilikuwa na wanunuzi papo hapo. Mfanyabiashara mwingine kutoka Gujarat, Nanji Kalidas Mehta, alikuwa ameshafungua kiwanda cha sukari Lugazi mwaka 1924. Muljibhai akafuata njia hiyo kwa kupanda miwa Kakira, na mwaka 1930 kiwanda chake kikaanza kazi. Reli ya kutoka Mombasa ilikuwa imekwisha kufika Jinja, hivyo mitambo na bidhaa ziliweza kusafirishwa kwa urahisi zaidi kuliko hapo awali.

Kutoka sukari hadi chuma

Faida ya sukari ilitumika kuanzisha shughuli nyingine. Kampuni iliingia katika ukamuaji wa mafuta ya kula na utengenezaji wa sabuni, kazi mbili zinazokwenda pamoja kwa kuwa mbegu za pamba hutoa mafuta, na mafuta hutengenezwa sabuni. Peremende zilitumia sukari ya Kakira yenyewe. Bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa Jinja mwaka 1954, umeme wa bei nafuu ulifungua mlango kwa viwanda vizito zaidi.

Muljibhai alifariki mwaka 1958, na uongozi ukapita kwa wanawe, Jayant na Manubhai wakiwa mstari wa mbele. Chini yao kundi hilo la makampuni lilijihusisha na bia, nguo, viberiti, vioo na nondo za chuma. Kakira ikawa mji kamili wenye nyumba za wafanyakazi, shule na hospitali.

Hata hivyo, utajiri huo ulikuwa na udhaifu wake. Bidhaa zilikuwa nyingi, lakini sehemu kubwa ya mali ilikuwa katika nchi moja na chini ya serikali moja. Mei 1970, Rais Milton Obote alitangaza kwamba serikali itachukua asilimia 60 ya hisa za makampuni makubwa. Mwaka uliofuata Obote alipinduliwa na Idi Amin, na mwaka huohuo Jayant akafariki.

Siku 90

Agosti 1972, Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 kuondoka nchini. Manubhai alikamatwa na kuzuiliwa katika gereza la kijeshi la Makindye, Kampala, kabla ya kuachiwa na kwenda uhamishoni Uingereza. Miaka mingi baadaye aliyasimulia hayo katika kitabu cha kumbukumbu za familia yake.

Viwanda vilibaki bila mafundi, vipuri wala wasimamizi wenye uzoefu. Mwaka 1968 Uganda ilikuwa imezalisha tani 152,000 za sukari. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 sekta hiyo ilikuwa karibu imekufa. Nchi iliyokuwa ikijitosheleza ikalazimika kuagiza sukari kutoka nje, na wananchi wakaipata kwa shida na kwa bei ya juu.

Kurudi Kakira

Amin aliangushwa mwaka 1979 na majeshi ya Tanzania yakishirikiana na Waganda waliokuwa uhamishoni. Baadaye sheria ilipitishwa kuwawezesha waliofukuzwa kudai mali zao. Familia ya Madhvani ilirudi kwa ubia na serikali, na kampuni mpya ikapewa jina la Kakira Sugar Works (1985) Limited. Mashamba yalikuwa yamemezwa na vichaka. Ilibidi miwa ipandwe upya na mitambo ikarabatiwe kwa mikopo ya taasisi za kimataifa. Hatimaye familia ilizinunua hisa za serikali.

Safari hii upanuzi wa bidhaa umefuata zaidi mabaki ya muwa wenyewe. Makapi yanayosalia baada ya kukamua huchomwa ili kuendesha mitambo ya umeme yenye uwezo wa takribani megawati 50, na ziada huuzwa katika gridi ya taifa. Molasi hutengenezwa ethanoli katika kiwanda kilichofunguliwa mwaka 2017. Familia imeingia pia katika hoteli za mbuga za wanyama, zikiwemo za Mweya na Paraa, na imewekeza katika kiwanda cha sukari cha Kabuye nchini Rwanda.

Sehemu kubwa ya miwa inayosagwa Kakira hutoka kwa wakulima wa nje, ambao idadi yao ni maelfu. Kwao kiwanda ni soko la uhakika, lakini pia ni mnunuzi mwenye nguvu kuliko wao. Katika Busoga kuna mjadala mkali kuhusu familia zinazopanda miwa hadi mlangoni na kukosa nafasi ya mahindi, viazi na ndizi za chakula. Muwa huchukua zaidi ya mwaka kukomaa, na bei ikianguka wakati wa mavuno, mkulima mwenye ekari mbili hana bidhaa nyingine ya kukimbilia.

Kaskazini mwa nchi, mpango wa kampuni kuanzisha shamba jipya wilayani Amuru ulikumbana kwa miaka mingi na upinzani wa wenyeji wanaodai ardhi hiyo kwa haki ya kimila.

Kwa kampuni, somo la karibu karne moja ni kwamba muwa mmoja unaweza kutoa sukari, umeme na ethanoli. Kwa mkulima wa Busoga anayeupeleka kiwandani, bado unatoa malipo ya aina moja tu: bei ya tani moja ya miwa.